Chumvi ya Hitima

Kabambare, 1943

Kaka yangu Hemedi,

Salamu zikufikie hapo Kasongo, wewe na wifi Amisa. Sisi tuko wazima. Farasi wa Muzungu naye iko muzima, tena kutushinda sisi. Mume wangu Alimasi anamulisha mahindi ya kulowekwa na pumba za mpunga, anamusafisha kwato, anamuwashia moshi mbung'o wasimuume. Akirudi nyumbani ananuka mavi, na hanawi mpaka nipige kelele.

Unajua tangu vita ya Ulaya chumvi haionekani dukani. Siku ya hitima ya mama, Alimasi aliniletea kipande kigumu cha chumvi, laini upande mumoja kama sabuni iliyotumika. Nikasaga nusu, nikapikia mbuzi. Wewe mwenyewe uliramba vidole, ukasema mukono wangu ni wa mama kabisa.

Juzi nimemupelekea Alimasi chakula kule zizini. Nikaona donge la chumvi ile ile limening'inizwa kwa kamba, limevunjwa upande, na farasi analiramba, mate yanachuruzika mpaka chini. Kaka, nilitapika palepale. Alimasi akacheka: "Huyu iko safi kuliko sisi."

Nitumie chumvi ya huko, hata kidogo ya kufunga kwenye kitambaa. Nimeapa ile siirudii. Lakini jana mboga ilikuwa chapwa, watoto wakasukuma sahani wakalala njaa, na ile nusu iliyobaki bado sijaitupa.

Ni mimi dada yako,
Waridi