Ulisema Vifaa Tutaongea

Kaka Shabani,

Shikamoo. Najua hunijibu, ila Mama alitufundisha mkubwa anaamkiwa, na kufa hakujakufanya uwe mdogo wangu. Sasa nimeshakuamkia, niruhusu nikugombeze, maana nina hasira na wewe.

Umeondokaje bila kuniambia ninunue maiki gani?

Nilikuwaga nakuuliza kila siku. Kaka, tukianza kurekodi hapa nyumbani tunahitaji nini na nini? Na wewe umejilaza kwenye mkeka, laptop kifuani, unanijibu tu, "Vifaa tutaongea, Mwaju. Wimbo kwanza." Haya, wimbo umeuacha. Tuongee basi! Asubuhi ile ulipanda bajaji kwenda hospitali huku unalalamika kwamba dereva kaweka muziki mbovu. Jioni tukarudi bila wewe. Presha, wakasema. Mtu wa umri wako, presha! Mpaka leo nikilisikia neno hilo nasonya.

Ngoja nikusimulie yaliyotokea, ndiyo utaelewa kwa nini mdogo wako anahangaika na maiki.

Siku ya tatu, tumemaliza kisomo, watu wanakula, vijana wa kijiweni wakafungulia ule wimbo wako wa kwanza kwenye spika. Masikini, wao walikuwa wanakukumbuka. Mama akatoka miguu peku, kanga kichwani, akavuka mpaka pale wanapokaa. "Wanangu, nawaomba. Mnamwongezea mwenzenu dhambi huko aliko." Wakazima palepale. Shehe naye alishagusia maneno hayohayo, kwamba mtu akishafukiwa, muziki wake ukiendelea kupigwa na yeye anaendelea kuandikiwa. Wewe unaijua hii habari, hakuna mtu wa kwetu asiyeijua. Mwanamuziki akifa tu, ndugu wanaanza kuomba watu wafute. Sikuwahi kuwaza kwamba iko siku waombaji tutakuwa sie. Mama alipita nyumba kwa nyumba akiomba watu wafute nyimbo zako kwenye simu zao, na watu wakafuta. Na mie nikafuta, yeye akiniangalia.

Ila ule wa mwisho haukuwa kwenye simu ya mtu. Ulikuwa kwenye laptop yako, ule unaowataja watu wa mtaa wetu mmoja mmoja, fundi Saidi wa kuchomelea, yule mama wa vitumbua, mpaka babu anayekaa dirishani na redio yake. Sehemu zako ulishaziimba zote, kwa simu yako tu, ukazihamishia humo, ili tuwe na pa kuanzia. Kiitikio ndicho kilikuwa changu, na hatukukirekodi kwa sababu tunasubiri vifaa. Na mtaa mzima ulishajua kwamba wamo. Fundi Saidi alishawatangazia mpaka wateja wake. Arobaini ilipopita akaniuliza kwa upole, "Dada, na ule wetu nao umefutwa?" Nikaingia ndani nikamwambia Mama kwamba wimbo upo.

Tulibishana, Shabani, we acha tu. Kasema futa, nikasema sifuti. Kasema unamchoma mwanangu, nikasema na mie ni mwanao. Mwisho tukakubaliana kwamba nitauimba wote mwenyewe, sauti yako isisikike hata kidogo, nikimaliza nafuta na sehemu zako. "Wewe una akili zako, na una kaburi lako," akasema, akaenda kuwasha jiko. Kwa Mama hiyo ndiyo ruhusa.

Ndiyo nikaenda Kariakoo. Kaka, kule dukani ukishatamka tu kwamba unaanza, umekwisha. "Sista, kama unataka sauti ya redioni, beba maiki ya kondensa." Nikabeba kondensa. Nzuri, inang'aa, utadhani pambo la kabatini. Nimefika nyumbani nimeichomeka kwenye tundu la hedifoni, kimya. Nimepuliza, nimegonga, nimeita weeee, kimya. Nikarudi dukani. "Aah, hiyo bila saundikadi haipati moto." Sasa si angeniambia mwanzo? Saundikadi ni kiboksi kinachokaa kati ya maiki na kompyuta, ndicho kinachoilisha maiki umeme na kuiingiza sauti kwenye mashine. Hayo nimejifunza mwenyewe, kwa nauli yangu. Nikachukua na kiboksi, chenye waya wake wa kuchomeka ukutani. Maiki ikaamka. Ilipoamka ikasikia Manzese yetu yote.

Jamani! Kile kitu kinasikia mashine ya fundi Saidi, kinasikia mabasi ya mwendokasi, jogoo, watoto, singeli ya saluni, mpaka mtu anayekohoa nyumba ya nyuma. Nikaegemeza godoro mlangoni. Nikajifunika blanketi, mie na maiki, jasho linanitiririka, nikaimba hivyohivyo. Kusikiliza, nasikia fundi Saidi anachomelea na mie namwitikia. Na huko mtandaoni kuna braza mmoja anafundisha, anatabasamu, anasema kwanza tafuta chumba tulivu. Chumba tulivu! Nilitamani nimtoe kwenye simu nimkalishe hapa asubuhi moja tu.

Halafu siku moja umeme ukakatika mchana. Watoto wakapiga kelele, "Wamekataaa!" na mtaa wote ukanyamaza. Saluni kimya, kuchomelea kimya, redio ya babu kimya. Nikaruka. Nimefungua laptop, betri ipo. Nimechomeka maiki. Kiboksi je? Kimezima, chenyewe kinataka ukuta. Nilikaa chini nikalia, kaka, na haikuwa huzuni, ilikuwa hasira tupu. Ungekuwepo ungenicheka mpaka ushike mbavu, halafu ungeniambia kilichokosekana.

Basi nimejiambia mwenyewe. Sie wa huku mtu asiulize maiki ipi ni kali. Aulize ipi inafanya kazi umeme ukikatika. Nikarudisha vile vitu vyote, nikagombana na muuzaji mpaka akachoka, nikabadilisha na maiki ya kawaida tu, ile ya kuweka karibu na mdomo, yenye waya unaoingia moja kwa moja kwenye laptop na kula umeme wa laptop hiyohiyo. Ya mbali haiyasikii sana. Hedifoni sikuhangaika nazo, nilichukua zile nyepesi za sponji. Nikajisemea, ishu ni maiki, hedifoni ni hedifoni.

Nikakaa kusubiri umeme ukatike. Watu wanalaani, mie peke yangu namshukuru Mungu. Nilirekodi nikiwa na sauti yako masikioni, nimeifungulia mpaka mwisho ili niifuate, nisikosee majina ya watu. Ulichosema kabla ya kiitikio nilishakisahau, na kilinishtua kukisikia. Wimbo unakaribia kunifikia, unacheka kidogo, unasema, "Haya Mwaju, ingia." Nikaingia. Kila ulipopita nikapita. Nikaimba mpaka mwisho, na nakwambia ukweli, niliimba vizuri.

Nikazima njia ya sauti yako, nikaacha yangu peke yake, nikasikiliza. Na wewe ukawemo.

Mbali, kwa chini, pale ninapovuta pumzi kabla ya kiitikio. "Haya Mwaju, ingia." Nikahakikisha yako imezimwa. Imezimwa. Nikarudia. Umo. Nikawaza mambo ambayo sitayaandika hapa. Yuleyule muuzaji wa Kariakoo ndiye aliyenieleza kwenye simu, tena kwa kuchoka, kwamba za sponji zinavuja, kinachopigwa masikioni kinatoka nje na maiki inakidaka. Za kurekodia ni zile zinazofunika sikio lote. Safari zote zile dukani, hilo neno alilificha wapi?

Ningeweza kunyamaza. Asiyejua asingekusikia. Lakini nilikuwa nimempa Mama ahadi, nikaenda kumwita, nikamvisha zile hedifoni juu ya mtandio wake. Akasikiliza kainamisha uso. Ulipofika pale akanyanyua mkono. "Rudisha." Nikarudisha. "Rudisha tena." Midomo yake inacheza na maneno yako. Akazivua taratibu, akaniwekea mapajani. "Ndiye," akasema. "Ndiye mwenyewe." Mie nikaanza kutabasamu, nikajua amelegea, tumeshinda, utabaki humo.

Akasema, "Sasa ifute, Mwajuma. Ifute mie nikiona, maana nikiisikia tena sitaweza kukwambia ufute."

Sikiliza, nilimchukia. Kwa muda mdogo, lakini nilimchukia. Nikamchukia na shehe, na muuzaji, na wewe. Kisha nikamtazama, anang'ang'ania pindo la kanga yake kama mtu anayevutwa upande wa pili, nikaona kwamba anayeumia zaidi hapo si mie. Nikafuta yangu yenye wewe ndani. Nikafuta na zako zote, na mpaka kule vinakobaki vitu vilivyofutwa nikaingia nikafuta. Mama alikodolea kioo macho mpaka pakabaki peupe. Akanyanyuka kwenda kutia udhu, na alipofika uani nikamsikia analia kwa sauti, kitu ambacho hata siku tuliyokuzika hakukifanya.

Nimeshabadilisha hedifoni. Za kufunika sikio lote, nzito, zinabana, hazivuji hata punje. Ila ndani yake wewe humo, kuna biti tu, na kiitikio kikifika hakuna wa kuniambia niingie. Nachelewa kila mara. Nimejaribu kuhesabu kwa vidole, nimejaribu kufumba macho, nachelewa tu, nafuta, naanza tena, mpaka umeme unarudi na kelele zake. Jana fundi Saidi kauliza tumefikia wapi, nikamjibu vibaya, na leo nimeenda kumwomba radhi.

Lakini nitaingia, kaka. Nakuahidi. Hata kama nitachelewa kidogo watu waone pengo, nitaingia na nitamtaja kila mtu uliyemtaja, pasibaki hata mmoja, na wakisikiliza watakuwa wanaisikia sauti yangu.

Wewe lala salama. Mama anakuombea kila swala, na mie naitikia amina. Kama huu wimbo una dhambi, na iandikwe kwangu. Mie bado niko hai, nina muda wa kutubu.

Mdogo wako,
Mwajuma