Kwa Kosa la Mgongo

Kwako mama, huko ulikolala,

Ninaogopa. Ulinifunza kwamba barua huanza kwa salamu, lakini leo salamu hazitoki, nisamehe. Niko Nakuru, hospitalini, kwenye lile benchi la mbao tulilokalia mimi na wewe na mdogo wangu Kariuki. Mapajani amelala Wanjiru wangu, niliyempa jina lako. Daktari amekwenda kula. Akirudi anataka jibu: nimwache mtoto hapa au niondoke naye. Nimemwomba karani penseli, na nakuandikia Kiswahili kwa sababu neno lililotuumiza lilikuja kwa Kiswahili, na mimi ndiye niliyelipokea.

Unaikumbuka siku ile. Baba alikuwa amechukuliwa na askari pamoja na wanaume wengine wa pale shambani Longonot, na hatukujua amefungwa wapi. Kariuki alikuwa na miaka saba. Mgongoni alikuwa ametokwa na kifundo, na kitu kikimponyoka hakuinama kukiokota. Alichuchumaa pole pole, mgongo wima, akijishika goti kama mzee. Ulimpaka mafuta ya kondoo, ukamkanda kwa maji moto, wapi! Mwisho ulimbeba mgongoni kwa shuka, mvulana mkubwa vile, miguu ikikugonga magotini, tukapanda gari la moshi.

Daktari mzungu alisema maneno mengi, na dresa, msaidizi wake, akayafupisha kwa Kiswahili: "Huyu ana kifua kikuu kwa mgongo." Nikakwambia kwa lugha yetu. Ukanishangaa. "Kifua kiko mbele, kitafikaje nyuma?" Nusura nicheke. Kisha dresa akasema, "Mtoto atafungwa miezi tisa."

Mama, nilikupa neno hilo hilo. Kwa lugha yetu pia kufungwa ni kufungwa, iwe kamba, iwe jela, na mwaka ule nani alikuwa akifikiria kamba? Ukabadilika uso. "Muulize, kwa kosa gani?" Nikauliza. Dresa alikuwa na foleni ndefu, hata macho hakuinua. "Kwa sababu ya mgongo," akasema.

Hukungoja zaidi. "Baba yake wamemfunga, sasa na mtoto!" Ulimrusha Kariuki mgongoni, ukakaza shuka, tukatoka mbio.

Sasa sikiliza lile ambalo sikukwambia. Tulipopita dirisha la wodi ya watoto, nilichungulia. Msichana wa umri wangu alikuwa amelala ndani ya plasta nyeupe, kutoka makwapani mpaka nyonga, anatafuna muwa na kucheka na mwenzake. Amefungwa, mama, amefungwa vile dresa alivyosema. Nilielewa pale pale, hata lango hatujalifikia! Ningekuvuta nguo tu. Nikajiambia, nitamwambia stesheni. Stesheni nikasema, nitamwambia nyumbani. Nilikuogopa, na nilijionea haya, mimi msomi wa darasa la nne nisiyejua kuuliza swali la pili. Na nikisema kweli yote, nilifurahi kwamba tunarudi na Kariuki.

Mwaka uliofuata mgongo wake ulipinda, kisha miguu ikakataa. Wewe ulitutoka mwaka jana wakati wa mvua, na nilikuwa nimekushika mkono uliposema, "Angalau mwanangu hawakumfunga." Hata hapo nilinyamaza.

Juzi juzi tulikuwa tukimenya viazi, kimoja kikamponyoka Wanjiru. Akachuchumaa kukiokota, mgongo wima, mkono gotini. Nilipiga ukemi, majirani wakaja na fimbo wakidhani ni nyoka. Tangu siku hiyo sina raha. Nikimwogesha kwenye karai vidole vyangu vinakwenda vyenyewe kwenye uti wa mgongo, na kifundo kipo, kama punje ya hindi. Namfinya vidole vya miguu nijue kama bado anasikia. Maskini, siku hizi akiniona nakuja anaficha miguu.

Kariuki ndiye aliyenifukuza nije. Anashona viatu siku hizi, ameketi juu ya ngozi, na kazi yake ni safi ajabu. Nilimwambia yote, hata la dirisha. Alishona mpaka uzi ukaisha. Kisha akasema, "Mpeleke. Wakimfunga, mimi nitampelekea uji huko jela." Yeye asiyeweza kufika hata kisimani! Akageuza uso, na sijui kama amenisamehe.

Daktari wa leo ni mwingine. Mezani ana rundo la magazeti ya udaktari kutoka ng'ambo, akafungua moja akaligonga kwa kidole kana kwamba naweza kulisoma. Safari hii nimeuliza swali la pili, na la tatu, na la nne, mpaka dresa amenichoka. Anasema zamani ilikuwa plasta na kungoja tu. Siku hizi madaktari wanaandikiana habari za sindano na vidonge ambavyo nguvu yake inafika mpaka ndani ya mfupa, na mtoto akiwahiwa kabla miguu haijalegea, kuna matumaini. Nikauliza, atapona? Daktari akajibu kirefu. Dresa akafupisha: "Anadhani hivyo."

Anadhani! Nimwache mtoto miezi tisa kwa sababu mtu anadhani? Kumwona ni Jumapili peke yake, tena nikipewa pasi ya kusafiri. Je, akinisahau? Je, dawa ikimkataa, nije siku moja nikute kitanda kimetandikiwa mwingine? Ungekuwa hapa, mama, ungenivuta mkono twende zetu, na ningekufuata.

Nasikia viatu. Anarudi. Ngoja.

Nimerudi kumalizia. Niko stesheni.

Dresa alisema neno lile lile: "Haya, mtoto atafungwa." Na Wanjiru alikuwa ameamka. Kwetu mtoto wa miaka mitatu anajua kufungwa ni nini, babu yake hajarudi mpaka leo. Alinikaba shingo akilia, "Sijafanya kitu! Sijafanya kitu!" Miguu yangu iliinuka yenyewe. Nilikuwa nimeshamweka mgongoni, shuka imezunguka, nafunga fundo hapa kifuani kama ulivyofunga wewe. Fundo ndilo lililonisimamisha.

Nikamuuliza, "Hivi ninavyokufunga, unaumia?" Akasema hapana. "Basi na wao watakufunga hivi hivi. Plasta itakubeba kama ninavyokubeba mimi. Utabebwa, mama." Nilimwita mama, kama ninavyomwita kila siku kwa ajili ya jina lako, na sijui ni nani kati yenu niliyekuwa nikimbembeleza. Kisha nikafungua fundo, nikampa dresa mtoto.

Shuka ninayo mapajani, ina harufu yake. Mgongo wangu ni mwepesi mpaka unaniogopesha. Jumapili nikipata pasi nitampelekea muwa.

Lala salama. Na neno nililokuletea siku ile, lipokee sasa vizuri, ingawa nimechelewa: Kariuki hawakutaka kumfunga, mama. Walitaka kumbeba.

Ni mimi mkalimani wako,
mama yake Wanjiru