Hii Miguu ni ya Nani?

Atieno, dada yangu,

Ile miwani ya uhalisia pepe uliyokuwa ukiijaribu kila Alhamisi kwenye karakana ya Milimani imekamilika. Nilikwenda wiki jana kuiona, maana wewe hukuwahi.

Sasa haimwambii mtu asimame. Siku ya kwanza ilipokuambia hivyo uliijibu, "Simama wewe kwanza!" Akoth, fundi wao, alicheka mpaka akakaa sakafuni. Wala haidai tena uiname kugusa chini kwa rimoti. Mkono mmoja unatosha, hata kama ni wa kushoto kama wako.

Lakini najua unachotaka kuuliza ni habari ya kiti.

Walikutengenezea ufuo wa Dunga ndani ya miwani, wakakupa na miguu ya kutembea, kama zawadi. Ukaitazama. "Hii miguu ni ya nani? Kiti changu kiko wapi?" Akoth akaanza kukichora humo. Tangu polio ya utotoni ulikwenda kanisani, sokoni na kwenye cherehani yako kwa kiti cha magurudumu. Ulitaka ushuke nacho mpaka majini, mahali ambapo matope hayakukuruhusu kufika.

Mimi nilikuelewa. Nilipofukuzwa shambani kwangu, kule juu ya Awasi, nilipata nyumba hapa Kisumu, nzuri kuliko ile. Ni miaka mingi sasa. Bado nikiamka mkono unatafuta mlango upande wenye ukuta.

Baada ya kukuzika walitaka kukiondoa kiti. Walisema watu watavaa miwani ili wasahau viti vyao. Nilibishana nao asubuhi nzima. Sasa mtu anaulizwa mwanzoni: kiti, magongo au miguu? Mama mmoja wa magongo alichagua miguu, akakimbia ufuoni akipiga vigelegele. Nilitaka kukasirika kwa niaba yako. Nikashindwa.

Kisha nikavaa mimi. Nikachagua kiti. Nilipotazama chini nikaona mto wa kukalia wa kitenge cha njano, ule ulioushona mwenyewe. Kumbe Akoth aliupiga picha. Nikashuka polepole, magurudumu yakaingia majini.

Nimekufikisha, Atieno.

Alhamisi nitarudi, na kila watakapobadilisha kitu nitauliza kwanza kiti kiko wapi. Wewe pumzika.

Kaka yako,
yule uliyezoea kumwita Mwalimu