Taji la Babu Limeliwa na Mbuzi

Kiwanda cha Mbao,
Escholzmatt.
4 Julai 2024

Mpendwa kaka Melk,

Taji la Babu Balz limeliwa. Limeliwa na mbuzi, Jumapili tarehe 23 Juni, saa kumi na robo alasiri, mbele ya watu elfu tatu na mia mbili waliokata tiketi. Nimeanza na hilo ili usije ukasema nilikuzungusha.

Sasa, hujambo? Wifi Graciela hajambo, na goti lake limepona? Horacio na watoto wake wanaendeleaje? Nasikia mwaka huu hata huko Misiones sakitu imeanguka ikaunguza mashamba yenu ya chai ya mate. Poleni sana. Kwetu majira ya joto yameingia, nyasi zimekatwa mara mbili, na msumeno wangu mkubwa unanguruma tangu saa moja asubuhi kama kawaida.

Mama ni mzima. Bado yuko kwa dada yake kule Leukerbad, analoweka nyonga kwenye maji ya moto dakika arobaini kila siku, na hajui lolote. Tafadhali irudie sentensi hiyo: hajui lolote. Atarejea nyumbani Alhamisi tarehe mosi Agosti, na unajua mwenyewe jicho lake hutua wapi kwanza akifungua mlango wa sebule.

Sikiliza basi ilivyokuwa.

Shemeji yako Wisi, baada ya miaka ishirini na sita ya ndoa, aliamka siku moja akatangaza kwamba familia hii haijawahi kutembea. Mimi nilimwambia nimeshapasua magogo ya kila bonde la nchi hii, kwa hiyo nayajua. Hakusikia. Akapanga siku nne, Ijumaa hadi Jumatatu: Sörenberg, Giswil, Meiringen, Brienz, Interlaken, Thun, kisha nyumbani. Jumla kilomita mia na themanini, ambazo dereva wangu wa magogo huzimaliza kabla ya chakula cha mchana. Katikati ya safari, Jumapili, mpwa wako Beni alikuwa na mashindano ya miereka juu ya mlima, karibu na Meiringen.

Beni ndiye aliyeomba taji lije, lile la majani ya mwaloni alilolishinda Babu kwenye miereka mwaka 1937. Alisema hawezi kuingia kwenye unga wa mbao mara ya kwanza katika mashindano makubwa bila Babu kuwapo. Kijana wa miaka ishirini na mbili, kilo mia moja na nne, akisema hivyo huku machozi yamemlenga, utamnyima? Nikaliteremsha ukutani pamoja na sanduku lake la kioo, nikalifunga kwa blanketi mbili.

Kioo kilivunjika siku ya kwanza tu, kwenye kona za kushukia Giswil. Wisi alifunga breki ghafla ili tuone ziwa. Tuliliona ziwa. Sanduku la vifaa nalo likaona nafasi, likaserereka likatua juu ya kioo. Taji lenyewe halikuguswa, na Wisi akasema tumshukuru Mungu. Nilimwambia Mungu hakuwa anaendesha.

Meiringen tulikula keki zao za ute wa yai, nyeupe kama povu la sabuni, na Wisi akatupeleka kwenye lile korongo la mto Aare. Kilomita moja na mita mia nne kwenda, na hizohizo kurudi, tukitazama maji yakipita kati ya mawe. Kwetu maji hupita kati ya mawe bure.

Jumapili, kaka, ungemwona Beni ungelia. Mizunguko sita. Wa kwanza alishindwa na jitu moja la jimbo la Uri, shingo kama kisiki; likampangusa unga mabegani kwa heshima, kama desturi inavyotaka, ila lilivyopangusa kwa nguvu nilidhani linampiga tena. Halafu akashinda, akatoka sare, akashinda kwa alama kumi kamili, akashindwa, akashinda. Huo wa mwisho alimwinua mwenzake na kumlaza chali mpaka unga ukarukia safu ya tatu. Waamuzi wakampa tisa na robo tatu. Jumla ya mizunguko yote: hamsini na tano na robo tatu. Mataji mwaka huu walipewa wenye hamsini na sita kwenda juu. Robo alama, Melk! Nilikwenda kuwauliza waamuzi robo hiyo imekwenda wapi. Mmoja akanijibu, "Mama, imebaki kwenye unga." Na huo unga wenyewe niliushika kiganjani, nikaukamua, haukuwa na unyevu hata wa kulowesha kucha. Unga wa namna hiyo mimi siuzi hata kwa wafuga sungura.

Kwa hiyo taji jipya tulilikosa saa tisa na dakika hamsini. La zamani lilibakiwa na dakika ishirini na tano.

Ikawa hivi. Wisi alitaka kukupigia picha wewe. Ndiyo, wewe. Alisema, "Melk ataona Babu karudi ulingoni." Akalitoa taji kwenye lile sanduku lililovunjika, akalitundika kwenye nguzo ya zizi la zawadi, maana unakumbuka zawadi zote huwekwa hadharani ili kila mpiganaji aje achague kwa zamu yake: kengele za ng'ombe, makabati, majiko, na wanyama kwenye zizi lao. Kisha akarudi nyuma, na nyuma tena, ili mlima nao uingie.

Picha ninazo. Ya kwanza ina taji na mlima. Ya pili ina taji, mlima na mbuzi. Ya tatu ina mbuzi.

Mimi nilikuwa hatua kumi na nne kutoka pale, nimeshika soseji mkononi. Nikasema, "Wisi, huyo mbuzi."

Akasema, "Mwache, anaipa picha uhai."

Nilipofika pale ulikuwa umebaki utepe tu, na mbuzi alikuwa ananitazama kama karani anayesubiri mteja anayefuata.

Sikupiga kelele. Nilikaa juu ya beseni la kunyweshea, nikamwambia Wisi akae mbali nami kwa dakika kumi. Akakaa kumi na tano, kwa usalama.

Basi kipaza sauti kikaanza kuita watu kuchukua zawadi, wa kwanza hadi wa mwisho. Beni alikuwa wa ishirini na mbili. Nilikuwa nimeshapiga hesabu: kwa nafasi hiyo, mashine ya kupasulia kuni ya tani nane ingekuwa haijachukuliwa, kwa sababu vijana wa siku hizi wanakimbilia televisheni. Na kweli ilikuwa bado ipo. Beni akaitwa. Akaipita mashine. Akaenda zizini, akafungua kamba ya yule mbuzi.

Nikamfuata. "Beni, mashine iko kule."

"Nimeiona, Mama."

"Sasa?"

Akasema, polepole, kama anayemweleza mtoto, "Babu Balz yumo humu ndani. Nikimwacha, ataondoka naye mtu wa Uri."

Kaka, mimi nina wafanyakazi tisa na hakuna anayeniamrisha. Hapo nilishika kamba nikamsaidia kumpeleka mbuzi kwenye gari.

Tukaendelea na matembezi yetu tukiwa wanne. Nyumba ya wageni ya Brienz tulikuwa tumeshaishika, na Wisi alikataa kubadili ratiba. Mama mwenye nyumba akatoka mlangoni akatuambia mbwa wanaruhusiwa, mbuzi hawajaandikwa. Wisi akamjibu, "Huyu ni nafuu, habweki." Mama yule akacheka mpaka akatupa banda la kuni. Asubuhi ya Jumatatu tukapanda meli kwenda Interlaken. Mkata tiketi alifikiri kidogo, akamwandikia mbuzi tiketi ya mbwa. Interlaken walimpiga picha watu thelathini na mmoja, mimi nikihesabu, na bibi harusi mmoja kutoka mbali alimkumbatia na shela lake. Wisi alikuwa amevimba kwa fahari. Akanong'ona, "Mke wangu, bila mbuzi nani angetuangalia?"

Wakati wa kurudi, katikati ya ziwa, mbuzi alianza kucheua. Alicheua, akakohoa, na jani likaanguka miguuni pangu.

Nililiokota. Nikaliosha bombani. Jani la mwaloni la mwaka 1937, lililotafunwa mara mbili, lilikuwa kijani kibichi, halina hata mchubuko. Nikalikunja, likajikunjua. Katikati lina waya mwembamba. Ni kitambaa kilichotiwa nta, Melk. Nikaligeuza, na mgongoni limegongwa herufi ndogo: Hong Kong.

Wisi alilitazama sana. Akasema, "Labda Babu aliwahi kupigana miereka huko."

Daktari wa mifugo wa Thun alimpapasa tumbo, akatoa kwa mkono yaliyokwama kooni, akampa mafuta, akasema mengine yatatoka kwa njia yake. Yametoka. Ninayo ishirini na tatu, yameoshwa, yamo kwenye kopo la biskuti hapa mezani ninapokuandikia. Yote ishirini na tatu yana herufi zilezile. Mbuzi ni mzima na Beni humkamua kila asubuhi.

Usiku niliporudi nyumbani sikulala mpaka nimefungua kasha la barua zako. Ziko sitini na moja. Nimezisoma zote. Arobaini na nne unauliza habari za kioo. "Kioo hakijafunguliwa?" "Msikifungue kioo, hewa inaua majani." "Mwambie Mama asikipanguse kwa ndani." Graciela alipojifungua Horacio uliandika mistari miwili kuhusu mtoto na minne kuhusu kioo. Nami miaka yote nilikuwa nikimwambia Wisi: angalieni kaka yangu anavyompenda Babu.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Hii kama ni yako, imefika miaka thelathini na sita na kuvuka bahari.

Nakumbuka siku uliyoondoka, Aprili 1988. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa. Ulibeba begi moja la nguo na lile sanduku la duara la Bibi la kuwekea kofia. Nilikuuliza la nini, wewe ambaye hujawahi kuvaa kofia hata siku ya theluji. Ukasema ni kumbukumbu ya Bibi. Nikaona haya kwamba mimi sikufikiria kuchukua kumbukumbu ya Bibi.

Simjui mwingine ambaye angeweza kulibadilisha. Baba alikuwa ameshafariki. Mimi mwaka huo nilikuwa ndiyo nimekodi zizi la ng'ombe na kununua msumeno mmoja mkuukuu. Sikuwa na nafasi hata ya kula, sembuse kuagiza majani ya Hong Kong. Ila mimi ni mtu wa vipimo, sihukumu gogo kabla ya kulipasua. Kama si wewe, sema si wewe, nami nitakuomba radhi kwa maandishi.

Nikueleze kwa nini siwezi kusubiri. Wewe na mimi tunamjua Babu kwa picha. Mama alimjua miaka tisa tu, kisha mti ukamwangukia msituni. Kwenye ile picha ya siku aliyoshinda taji, yeye ndiye yule mtoto wa mwaka mmoja, amepakatwa, mkono wake uko juu ya majani. Kila tarehe mosi Agosti, sikukuu ya taifa, kabla ya moto kuwashwa mlimani, anagusa kioo kwa vidole viwili na kusema, "Baba, tumefika tena." Mwaka huu ana miaka themanini na minane. Mwaka huu ukuta una msumari tu.

Kama taji liko kwako, sikuamuru ulirudishe. Wewe ndiye uliyekwenda mahali ambapo hakuna aliyemjua Babu, na labda ulihitaji kitu cha kukwambia wewe ni nani. Hilo naweza kulielewa, ingawa ningelielewa zaidi mwaka 1988. Nitamweleza Mama ukweli, naye atakusamehe kwa dakika tatu, kama alivyokusamehe siku zote. Kama haliko, kama uliliuza au liliungua au lilizama njiani, nitakwenda kwenye mwaloni wa kanisa na ngazi, nitafunga taji jipya kwa mikono yangu, nami nitamdanganya Mama kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Ila siwezi kudanganya kabla ya kujua ninaficha nini.

Nisalimie Graciela, Horacio, wajukuu wote, na yule mzee Kaufmann wa duka la mbegu kama bado anapumua. Wisi anakusalimu na kusema picha ya tatu atakutumia ukitaka. Beni anakusalimu pia. Mungu alikinge paa lenu na baridi ya huko, na awape mavuno yasiyounguzwa.

Ni mimi dada yako wa damu, nikupendaye hata leo,

Marlis

Usijibu kwa barua, itachelewa. Piga simu kiwandani, si nyumbani, maana Wisi akipokea atakuonea huruma na mtaanza kuzungumza habari za mvua. Mwisho ni Jumatano tarehe 31 Julai, saa sita mchana kwa saa zetu, ambayo kwenu ni saa moja asubuhi. Msumeno nitauzima ili nikusikie. Sitaki historia wala kioo wala hewa. Neno moja tu: liko, au haliko?