Udongo Mtupu Kuzunguka Nyumba

Mpendwa Baba,

Kuna jambo sijamwambia mtu, hata mama: naogopa upepo. Ukianza kuvuma kiangazi na majani ya migomba yakachanika, naanza kunusa hewa nikitafuta moshi. Watu wa hapa kilimani wananiita jasiri. Wewe ndiye wa kwanza kujua.

Unakumbuka tulivyokuwa tunafyeka nyasi kuzunguka nyumba, wewe na panga, mimi nyuma yako na reki, mpaka unabaki udongo mwekundu mtupu? Wenzako walitandaza nyasi kavu kwenye migomba hadi ukutani ili unyevu usipotee. Wewe uliishia mbali na nyumba. Mama Yohana, jirani yetu, alipita na ndoo yake akikutania, "Baba Neema, timu gani inakuja kucheza hapo?" Nawe ukamjibu, "Moto, shemeji. Ukifika ukose chakula."

Kiangazi hiki, cha kwanza bila wewe, nilifyeka peke yangu. Shule nimemaliza, muda ninao. Nilipoinua macho nikaona kwa Mama Yohana: nyasi hadi ukuta wa jiko, kuni zimepangwa chini ya paa la nyasi. Nyumba yake ingeshika moto, cheche zingekuja kwetu. Unanijua, kuongea na mtu mzima kunanishinda. Nilimwamkia, kisha nikaanza kuhamisha kuni kimya kimya.

"We binti, kuni zangu zinahamia wapi?"

"Mbali na ukuta, mama. Upepo..." Nikainama kubeba mzigo mwingine.

Alinitazama, akacheka. "Haya. Na mimi nipate uwanja wa mpira." Akaenda kuchukua jembe.

Moto ulikuja mchana mmoja kutoka upande wa Nyakitonto, ambako mtu alichoma shamba, upepo ukamzidi nguvu. Ulipanda mlima mbio. Cheche zilitangulia, zikaangukia uani kwetu na kwa Mama Yohana, zikafa kwenye udongo. Moja ilitua juu ya paa lake. Tuliizima kwa gunia lililoloweshwa, maana tulikuwa na mahali pa kusimama. Moto wenyewe ulifika mwisho wa nyasi, ukazunguka, ukaenda zake. Migomba ya pembeni imeungua. Nyumba zote mbili zipo.

Sasa Mama Yohana ndiye anayepita kwa majirani. "Sogezeni kuni. Nyasi za migomba ziishie mbali." Wamefyeka pamoja, uwanja wa huyu umekutana na wa yule. Ungeona, Baba, ungekaa kizingitini ukitabasamu tu.

Mvua za kwanza zimenyesha, nyasi zinachipua, na migomba iliyoungua imetoa machipukizi. Panga lako nimelipaka mafuta. Bado naogopa, na nadhani woga huo ndio unaonishikisha reki. Ila Mama Yohana anawaambia watu kwamba binti wa Baba Neema haogopi kitu, nao wakisikia hivyo wanachukua majembe. Kwa hiyo hili libaki kwako, Baba. Usimwambie yeyote huko uliko.

Binti yako, mshika reki