Mkono Ni Wangu

Mama yangu,

Shikamoo. Naitamka kwa nguvu ijapokuwa ni kwa karatasi, maana najua masikio yako na simu havipatani tangu zamani. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua bado unaipaka, au umempa jirani kama ulivyompa miwani yako? Kaka na mkewe na wale watoto wao wenye kelele nawasalimu wote. Mimi mwili ni mzima. Mengine soma.

Barua hii, tafadhali, usiwasomee majirani barazani kama nyingine. Ingia ndani, funga mlango, keti. Najua mdogo wangu, huyo Redio wetu asiyezimika, anafunga mizigo yake aje kukaa nasi ajifunze kazi kwa mkwe wako. Mama, asipande gari kabla hujafika chini kwenye jina langu. Ukishafika, utaamua mwenyewe.

Nianze mbali kidogo. Unakumbuka mkwe wako alipokuja kujitambulisha, ukamuuliza kazi yake, akasema anasahihisha maandishi pale wanapochapa vitabu na mikataba. Ukashangaa kwamba kuna mtu analipwa mshahara kwa kutafuta makosa ya wenzake, ukasema kwa kazi hiyo mawifi zako wangekuwa matajiri. Tulicheka mpaka chai ikamwagika. Siku zile za uchumba aliniambia kuna maneno mawili ya Kiingereza yanayofanana kama mapacha, emend na amend, na hata ofisini kwao wapo wanaoyachanganya. Emend, alisema, ni kuondoa kosa kwenye maandishi ili yaseme kile alichotaka kusema mwandishi. Neno limerukwa, unalirudisha. Herufi imegeuka, unaiweka sawa, kisha unaiacha kalamu. Amend ni kulibadilisha jambo lenyewe, kipengele cha sheria au cha mkataba, ili kiwe bora kuliko kilivyokuwa, na hilo msahihishaji halifanyi peke yake. Lazima wenye mkataba waitwe, wakubaliane, watie sahihi. Alijisifu kwamba yeye ni mtu wa emend, hajawahi kugusa jambo la mtu. Nami nikajiambia, loo, nimepata mwanamume anayejua mipaka.

Tulipohamia hapa, vyumba viwili juu ya duka la fundi viatu, barua yangu ya kwanza kwako aliomba aipitie. Nilifurahi, kwani wewe unajua mwandiko wangu ni mzuri lakini herufi nazimeza. Alikaa kwenye meza ya dirishani, akachonga penseli, akarudisha herufi zangu, akaweka koma. Nikanakili upya kwenye karatasi safi, yeye akaipeleka posta akienda kazini. Ukajibu kwamba barua zangu sasa ni za kusomea watu. Basi ikawa desturi: mimi naandika, yeye anapitia, mimi nanakili.

Sijui ni siku gani alivuka mpaka. Niliandika nimechoka, akakata, akaweka nina shughuli nyingi, akasema ndivyo nilivyotaka kusema. Niliandika kwamba nimeacha kushona kwa sababu kelele za cherehani zinamuumiza kichwa, ikatoka kwamba nimeamua kupumzika. Hata jina lile mlilonipa kwa wizi wangu wa sukari alilifuta, eti si jina la mtu mzima, ndiyo maana miaka yote hii unaletewa "binti yako akupendaye." Nilipobisha hakufoka. Mkwe wako hafoki, mama. Alinieleza polepole, kama unavyomweleza mtoto asiguse pasi ya moto, kwamba mzazi hapelekewi huzuni kwa posta, na kwamba nikitulia nitaona alichoandika yeye ndicho cha kweli. Nikanakili. Mara ya kwanza niliharibu karatasi mbili tatu. Siku hizi siharibu hata moja, na hilo ndilo linaloniogopesha zaidi.

Ingekuwa ni barua tu, ningevumilia. Lile cheko langu unalolijua, la kumwamsha mgonjwa, amelipunguza likabaki la kufunika mdomo. Nikizungumza mbele ya wageni ananitazama kidogo tu, nami namalizia maneno yangu anavyotaka yeye. Nikisema naenda sokoni, ananiambia kwa upole kwamba nilitaka kusema kesho, naye atakuwepo twende pamoja. Na kesho tunakwenda, ananibebea kikapu, wanawake wa ngazi hii wanatuchungulia wakisema nimeolewa na malaika. Halewi, hapigi, anarudi mapema. Yote kweli! Hapo ndipo nilipokwama. Sina jeraha la kumwonyesha mtu. Mlango huu haufungwi kwa ufunguo, na bado sitoki.

Unakumbuka tulipokuja kumzika mjomba? Nilikuvuta jikoni nikakwambia nataka kubaki nyumbani. Hukunigombeza. Ulikwenda kabatini, ukatoa barua zangu ulizozifunga kwa utepe, ukanisomea moja baada ya nyingine jinsi nilivyotulia, jinsi mume wangu anavyonitunza, jinsi nisivyokosa kitu. Kisha ukaniambia hasira ya siku moja isifute maneno ya miaka. Mwandiko ulikuwa wangu. Nilijitetea kidogo, nikasikia mwenyewe ninavyofanana na mwongo, nikarudi kwa waombolezaji. Kwenye gari la kurudi mkwe wako alinishika mkono, akaniambia anajua nilichokwenda kukwambia jikoni, na kwamba sikukimaanisha. Sikulaumu, mama yangu. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na zile barua sikuziunda mimi.

Sasa nifike kwa Redio. Ile barua ya mwisho, ile iliyosema aje, nafasi ipo, shemeji yake ameshamwombea kazi, unaijua. Mimi niliandika hivi: mama, Redio asije, huku hakuna hewa. Mkwe wako aliisoma, akachonga penseli. Akasema Redio ni binti mzuri ila mdomo wake unahitaji kurekebishwa kidogo, na kwamba hata mimi nikitulia nitafurahi kupata mwenzangu. Ndipo nikamuuliza, kwa mara ya kwanza tangu anioe, kama hii ni emend au ni amend. Alitabasamu. Akaniambia mume na mke ndio wenye mkataba, nao wote wamo chumbani.

Nikanakili, mama. Na ubaya wangu ni huu, nakuambia wewe tu: nilipokuwa nanakili, nilifurahi. Nilimwona Redio akiingia hapa na domo lake, akiimba jikoni, akimjibu mkwe wako neno kwa neno, nikamtaka. Nilimtaka kama mtu mwenye kiu. Nilijua kabisa atakavyokuwa baada ya muda, nilijua kwa sababu najiona kwenye kioo, na bado nikaandika aje, kwa mwandiko wangu mzuri kuliko siku zote. Yeye alibadilisha maneno, lakini siku ile sikusukumwa. Nisamehe, na Redio anisamehe.

Hii naandika mchana, mkwe wako yuko kazini. Karatasi nzuri amezifungia, kwa hiyo nimetumia nyuma ya zile zilizoharibika kazini kwake, usihangaike na Kiingereza cha upande wa pili. Nimekatakata maneno, na koma zimekaa zinapotaka. Mke wa fundi viatu, aliyeniona nikilia ngazini na hakuniuliza kitu, ndiye atakayeipeleka posta.

Redio asipofika, mkwe wako atajua. Hatafoka. Itakuja barua nyingine, nzuri, safi, ya kusomea watu. Itasema nilikuwa na homa nilipoandika hii, kwamba sasa nimetulia, naona aibu, na Redio afunge tena mizigo yake. Mwandiko utakuwa wangu, mama, maana nitainakili. Najijua, nitainakili. Usiiamini. Usiijibu. Mtume kaka. Apande ngazi, aingie bila hodi, anishike mkono. Nikimwambia kwa upole kwamba nina furaha hapa na sitaki kwenda popote, asinisikilize. Anibebe hata kwa nguvu.

Lipake goti dawa yake kila jioni, usigawe tena. Wapwa zangu waambie shangazi anawasalimu. Na Redio mwambie afungue mizigo, akae hapo kwako, apige kelele mpaka majirani washtaki.

Mwanao, yule yule wa sukari,

Kijiko