Simu ya laini tatu ya babu

Shoga, naona haya hata kukuandikia. Bibi Mahfudha kanieleza sasa hivi alichofanya babu enzi za utawala wa wanajeshi.

Babu Abdulghani aliagiza simu ya laini tatu kwa ajili ya duka lake la jumla la Kikuubo, kule sokoni. Fundi Komakech, Mwacholi, alikuwa bado anaifunga pale meja mmoja wa jeshi alipopiga kuulizia sukari.

Bibi akapokea, babu akabonyeza kitufe cha kumsubirisha, kumbe hakikushika. Akamwambia bibi, "Mwambie huyo mwizi sipo."

Meja akasikia. Yaani kila neno.

Akaja na askari. "Nani kaniita mwizi?"

Babu akamnyooshea fundi kidole. Fundi, shoga. Na wakati ule Waacholi walikuwa wakichukuliwa na askari, hawarudi.

Komakech akamtazama babu, kisha akasema taratibu, "Ni mimi, afande. Nilikuwa najaribu laini, sikujua kuna mtu."

Wakampiga mbele ya wateja mpaka akaanguka. Meja akacheka, akaondoka na magunia ya sukari.

Komakech akafuta damu, akamaliza kufunga nyaya. Mlangoni akasema, "Mzee, hata mimi nina watoto."

Bibi anasema siku ile yeye hakuweza kumtazama mumewe.